Mrejesho: Picha za usiku Forodhani kutoka na rangi ya chungwa

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niliuliza kwa nini picha ninazopiga usiku kwenye meza za vyakula pale Forodhani, Zanzibar, hutoka zimejaa rangi ya chungwa, nanyi mkanishauri nisiiachie kamera ijichagulie mizani ya weupe, yaani mpangilio unaofanya kitu cheupe kitoke cheupe chini ya taa yoyote. Sasa naiweka mwenyewe karibu na Kelvin 2,800 (Kelvin ni kipimo cha rangi ya mwanga) penye balbu za kawaida za waya, na nahifadhi faili ghafi (RAW), yaani data ya kamera kabla haijachakatwa, badala ya JPEG, kwa kuwa humo rangi hurekebishika baadaye bila picha kuharibika. Kanzu zimekuwa nyeupe, na pweza wa kuchoma ameacha kufanana na karoti.

Lililonishughulisha zaidi ni meza yenye balbu upande mmoja na taa ya LED ya kibuluu upande wa pili, maana ukisawazisha huku, kule kunaharibika; nilimwomba muuzaji azime moja, naye kwa hisani yake akakubali. Chengachenga, yaani vidoadoa vinavyochafua picha, bado zimo vivulini, hasa katika rangi ya buluu, kwa sababu mwanga wa balbu una buluu haba ambayo programu hulazimika kuikuza. Umanjano kidogo nimeubakiza kwa makusudi, kwani ndivyo macho yanavyopaona pale.