Tupeane uzoefu: fiziotherapia ilikusaidia nini kwenye maumivu na kutembea?

Wakuu, heshima kwenu. Kaka yangu kaandikiwa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) ya goti, kagoma. Anasema yeye alifuata dawa, habari za kukandwa atakandwa hata nyumbani. Mliopitia, semeni mlifanyiwa nini hasa na nini kilibadilika. Nitamsomea mwenyewe.

Goti Kuukuu
Mkuu, mwambie mimi sikukandwa hata siku moja. Gegedu la goti, ule mto laini kati ya mifupa, limesagika, na limebaki hivyo hivyo. Kilichobadilika ni paja. Nililazwa chali, taulo iliyokunjwa ikawekwa chini ya goti, nikaambiwa niikandamize kwa goti, nihesabu hadi tano, niachie. Nikaona mchezo wa watoto. Haukupita muda paja likaanza kutetemeka lenyewe! Ndipo nikaelezwa: goti likiuma unalikwepa, ukilikwepa msuli wa mbele ya paja unanywea, ukinywea goti linabeba mzigo peke yake, linazidi kuuma. Tukaenda hivyo polepole: kunyanyua mguu ulionyooka, kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika kitu, mwisho ngazi. Maumivu hayajaisha, nisikudanganye, ila yamepungua, nalala usiku na nainuka bila kutafuta pa kushika.

Halafu kama anatumia fimbo, aishike kwa mkono wa upande wa mguu MZIMA. Kwenye ngazi, kupanda unatanguliza mzima, kushuka unatanguliza mbovu.

Mtoa mada
Hii ya fimbo naisikia leo. Kaka anashika upande unaouma.

Bega Langu
Mimi bega liliganda. Nina kisukari, nikaambiwa sisi ndio linatuandama zaidi. Kufunga sidiria ikawa mtihani, kuchana nywele ndiyo usiseme. Dada zangu, hili bega ni kaidi, linaweza kuchukua mwaka hadi mitatu, na kile kipindi cha mwanzo linapouma usiku kucha ukililazimisha unalichokoza. Wakati huo nilipewa zoezi la kuning'iniza tu: unainama, mkono usiouma umeegemea meza, unaouma unauachia ubembee kwa duara dogo. Lilipoacha kuuma likabaki limekaza, ndipo tukaanza kulivuta kwelikweli. Kila nikienda mtaalamu ananipima kwa kipima pembe na kuandika nyuzi bega linazofika. Zile namba zilinipa moyo kuliko pole za watu, maana mwenyewe huoni kama unasogea.

Sina Hamu
Mimi nitasema tofauti. Kuna mahali nilikuwa nalazwa, nawashiwa taa ya joto, nabandikwa mashine ya kushtua misuli, mhusika anakaa pembeni na simu yake. Hakuna aliyewahi kuniambia nitembee anione. Nikaacha. Kaka yako ana hoja.

Goti Kuukuu
Pole sana mkuu. Joto na mashine vinatuliza kwa muda tu. Ukitoka pale bila zoezi la kwenda kufanya nyumbani, dai.

Kiuno Kigumu
Mimi ni diski ya mgongo, maumivu mpaka unyayoni. Nililazwa kifudifudi, nikainua kifua kwa mikono huku nyonga zimebaki kitandani. Nikarudia, nikarudia. Mguu ukaanza kuachia, lakini kiuno kikauma zaidi, nikampigia kelele mtaalamu aniache. Mwenzangu anafurahi! Kumbe maumivu yakitoka mguuni yakarudi kukusanyika mgongoni ni dalili njema, na yakizidi kushuka mguuni unasimamisha zoezi. Njia hii ilitokana na Robin McKenzie wa New Zealand: mwaka 1956 mgonjwa wake alilala kifudifudi kwenye kitanda kilichoachwa kimeinuliwa upande wa kichwa, akainuka mguu umetulia. Ila si kila mgongo unaipenda, mingine inataka kukunjwa mbele, kwa hiyo upimwe kwanza. Na ukiona mkojo au haja vinakataa au vinatoka bila habari, au ganzi sehemu za siri, achana na mazoezi, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Binti wa Mwisho
Mama alipata kiharusi. Sisi kwa mapenzi tukawa tunamfunga vifungo, tunamlisha. Mtaalamu akatukataza: mkono usiotumika, ubongo unausahau. Tukamwachia gauni la vifungo vikubwa, anahangaika nalo asubuhi nzima, anatukasirikia kweli. Sasa hivi anavifunga, isipokuwa cha shingoni. Vidole havijarudi vyote, lakini bafuni anajipeleka.

Mtoa mada
Nimemsomea. Anauliza: goti likiuma katikati ya zoezi, aendelee au aache?

Goti Kuukuu
Mimi nilipewa kipimo cha 0 hadi 10. Maumivu yakiwa madogo, yasipite nusu, na kesho yake asubuhi goti limerudi kama lilivyokuwa, anaendelea. Likiamka limevimba, asiache kabisa, apunguze idadi na amwambie mtaalamu wake. Na siku ya kwanza avae kitu kinachopanda juu ya goti, watataka kuliona.