Wa kwanza alitoka kwa kisu. Wa pili nisukume au nipange tarehe?

Mama Tima, Kigamboni
Habari zenu wadau. Mimba ina wiki 31. Wa kwanza nilipasuliwa miaka mitatu iliyopita, alitanguliza makalio. Mume anataka opasheni ya kupanga, ajue siku na pesa. Mama mkwe anasema kwao hakuna aliyezaa kwa kisu mara mbili. Mimi naulizwa nitakula nini tu. Waliopitia, nisaidieni.

Kimara Mwisho
Mimi nilisukuma baada ya kisu. Uchungu saa 14, nilitukana kila mtu, ila jioni nikaenda kuoga kwa miguu yangu. Kwa kisu, siku ya pili kuinuka tu kitandani nilishika tumbo kwa mikono miwili, na kikohozi nilikiogopa kama nyoka. Lakini nilizalia panapopasua, na nesi alikuwa juu ya mapigo ya mtoto muda wote.

Bibi Mkunga (mstaafu)
Mwanangu, kwanza ujue ulikatwaje NDANI. Kovu la ngozi halisemi kitu, linaweza kulala huku kizazi kimekatwa wima. Kama ni mlalo, chini ya kizazi, mara moja tu, wengi huruhusiwa kujaribu, na kwenye kila 10 wanaojaribu kama 7 hufanikiwa. Mshono wa ndani kuachia ni kama mama 1 kwa 200. Ni wachache, ila ikitokea zinahesabiwa dakika. Ukikatwa wima kwa juu, kusukuma usahau.

Makalio ni sababu isiyokufuata, huyu akitanguliza kichwa una nafasi nzuri. Misoprostol ya kuanzishia uchungu haifai kwa mwenye kovu, na ile mizizi ya kuongeza uchungu mama mkwe abaki nayo.

Baba Naima
Nimtetee shemeji kidogo. Sisi wa pili tulipanga, wiki ya 39, mke akaingia ametulia. Ila mkitaka wanne, fikirini. Dokta alituambia kila kisu kinaongeza uwezekano wa kondo la nyuma kung'ang'ania kwenye kovu. Sisi tumeishia wawili.

Tabata Segerea
Wanaosifia kusukuma wasimfiche. Mimi nilifika sentimita 7, njia ikagoma, nikaishia kisu cha dharura. Nimekula vyote viwili, na mshono ukaoza juu. Ningejua ningepanga.

Bibi Mkunga (mstaafu)
Pole mama. Ni kweli, kisu baada ya uchungu mrefu kina matata kuliko cha kupanga. Hilo apime mwenyewe, si mume wala mkwe.

Mama Tima, Kigamboni
Karatasi ya ruhusa nimeipata chini ya begi la nguo za mtoto, imeshika ukungu ila inasomeka: mlalo, chini. Nitaipeleka kliniki Jumatatu. Nataka kujaribu, na nikigoma njiani wanipasue, nimeshakubali moyoni.

Kasheshe ni kwamba kituo cha hapa jirani hawapasui, na usiku wa manane siwezi kuanza kutafuta bajaji ya kuvuka daraja. Wiki ya 37 nahamia kwa dada Temeke. Mume nimeshamwambia, kanuna kidogo. Mama mkwe bado.