Wi-Fi inakamata vizuri ila intaneti hakuna, na si kwa vifaa vyote. Naomba msaada

Mwalimu_Kihonda (Morogoro)

Habari za jioni ndugu zangu. Naombeni msaada wa Wi-Fi ya nyumbani, maana kila ninayemuuliza ananiambia "zima uwashe", nami nimezima na kuwasha mpaka nimechoka.

Tunatumia faiba. Kifaa kipo sebuleni juu ya kabati la TV, taa zake ni za kijani kama siku zote, bili imelipwa. Kuanzia wiki iliyopita simu inakamata Wi-Fi, mawimbi yamejaa, lakini chini ya jina la mtandao panaandikwa "Imeunganishwa, hakuna intaneti" na kile kialama cha mshangao. Kinachonichanganya ni kwamba si vifaa vyote. Tumekaa kochi moja na baba watoto, yeye anaperuzi bila wasiwasi, mimi hata ujumbe wa WhatsApp hautoki. Kesho yake mchana yangu inafanya kazi, yeye anarudi kutoka kazini yake inagoma. Laptopu nayo ina siku zake.

Nimepiga huduma kwa wateja. Wanasema upande wao laini ni nzima, na ukweli ni kwamba wakati wananiambia hivyo simu ya mume wangu ilikuwa inacheza video, kwa hiyo sina la kuwabishia.

Jioni nafundisha hisabati kwa Zoom, watoto wa kidato cha pili. Juzi nimekatika katikati ya milinganyo na wazazi wameshalipia mwezi mzima. Nikitumia bando la simu kwa video kila jioni, hiyo ada yote inaishia kwenye vocha.

Jambo jingine, sijui kama linahusika: tuna vyumba vya uani. Mpangaji wetu mmoja tunachangia naye bili, amevuta waya kutoka kwenye kifaa chetu hadi kwenye ruta yake ndogo chumbani kwake. Ameipa jina na nenosiri lilelile ili watoto wakienda uani simu zisisumbue. Naye analalamika hivyohivyo.

kijana_wa_Mabibo

Pole mwalimu. Badilisha DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba za anwani, weka 8.8.8.8 na 1.1.1.1. Mimi ilinisaidia hosteli. Ikigoma, kuna kitufe kidogo cha ndani nyuma ya kifaa, kibonyeze kwa pini mpaka taa zizime, kinarudi kama kipya.

Fundi_Ngamiani (Tanga)

Dada pole sana, na hongera kwa kueleza vizuri, wengi huandika "Wi-Fi haifanyi kazi" wakaishia hapo.

Kwanza nakuomba sana usiguse hicho kitufe cha pini. Vifaa vingi vya faiba vina jina la mtumiaji na nenosiri la kampuni ndani yake, vitu alivyoviingiza fundi siku ya kufunga. Vikifutika unabaki na kifaa kizima ambacho hakiwezi kujitambulisha kwa kampuni, na hapo ni kusubiri fundi wao aje. Nimeitwa nyumba nyingi ambako tatizo la awali lilikuwa dogo, hicho kitufe ndicho kilicholikuza.

Kijana, DNS ina mahali pake, na kuipima ni rahisi. Kwenye kompyuta ya Windows fungua cmd, lile dirisha la kuandikia amri, andika ping 8.8.8.8, yaani unabisha hodi kwenye anwani hiyo uone kama itajibu. Kisha andika ping google.com. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikagoma, hapo DNS ndiyo mgonjwa na dawa yako ni sahihi kabisa. Zote mbili zikigoma, hata uweke DNS gani hutapata kitu, kwa sababu hizo DNS nazo zipo huko nje usikoweza kufika.

Sasa kwa dada. Mawimbi yaliyojaa yanahusu simu na ruta tu. Hayasemi lolote kuhusu kinachoendelea baada ya ruta. Simu ikishaunganishwa hutuma ombi dogo nje kimyakimya: Android huiuliza seva ya Google, Windows husoma faili fupi la Microsoft lenye maneno "Microsoft Connect Test". Jibu lisiporudi ndipo unaandikiwa hakuna intaneti. Kwa hiyo ujumbe huo umekuambia njia imekatika, haukukuambia imekatikia wapi. Kazi yetu ni kupatafuta hapo.

Naomba namba. Kwenye simu nenda Mipangilio, ingia kwenye Wi-Fi, gusa jina la mtandao wenu, shuka chini kabisa utaona anwani ya IP, yaani namba ya simu yako kwenye mtandao, na lango, yaani anwani ya ruta inayoipitisha kwenda nje. Nitajie za simu inayofanya kazi na za simu iliyogoma, zote kwa wakati mmoja. Kwenye laptopu andika ipconfig kwenye cmd hiyohiyo. Ukikuta inaanza na 169.254, maana yake kompyuta haikupewa anwani na mtu yeyote, imejipa yenyewe, na hilo ni tatizo la aina nyingine.

Nina shaka na hiyo ruta ya uani, ila sitaki kuisingizia kabla ya kuona namba.

Bahari_Kisauni (Mombasa)

Niruhusuni niseme yangu pia, huenda akapita mwingine mwenye shida kama yetu. Kwetu pia Wi-Fi ilikuwa yashika na intaneti hakuna, lakini kwetu ilikuwa nyumba nzima, hakuna simu hata moja iliyopata. Taa iliyoandikwa LOS ilikuwa nyekundu. Taa hiyo ikiwa nyekundu, mwanga wa faiba haufiki kwenye kifaa, na hapo usihangaike na simu. Fundi alikuja na kipimo chake, akatuambia mwanga ukishuka chini ya -27 dBm kifaa huanza kuyumba, na wetu ulikuwa umeshuka zaidi ya hapo. Alifuata ule waya mwembamba hadi nyuma ya kabati la nguo, akaukuta umekunjika pale kabati lilipousukumia ukutani. Faiba haipendi kukunjwa. Alipousogeza tu ile taa nyekundu ikazima.

Fundi_Ngamiani

Ahsante ndugu wa Kisauni, hilo ndilo la kwanza kuangalia nyumba nzima ikikosa. Kwa dada baadhi wanapata, kwa hiyo mwanga unafika.

Mwalimu_Kihonda

Nimefanya kama ulivyosema kaka. Muda huu yangu imegoma, ya mume wangu inafanya kazi, tumesimama mbele ya kifaa.

Ya mume wangu: anwani 192.168.1.7, lango 192.168.1.1
Yangu: anwani 192.168.0.103, lango 192.168.0.1
Laptopu, nayo imegoma: 192.168.0.101, lango 192.168.0.1

Ping 8.8.8.8 kwenye laptopu haijibu kabisa. Ya google.com vilevile.

Fundi_Ngamiani

Umemaliza kazi dada. Tazama namba ya tatu. Ya mume wako ni 1, yako ni 0. Mpo kwenye Wi-Fi moja, kochi moja, lakini kila mmoja amepewa anwani na mtu wake.

Kila ruta ina huduma ndani yake inaitwa DHCP, ndiyo inayogawa anwani. Simu ikiingia inapaza sauti kwenye mtandao mzima: nani anipe anwani? Anayejibu kwanza ndiye anayesikilizwa. Nyumba inatakiwa kuwa na mgawaji mmoja. Ninyi mnao wawili: kifaa cha faiba chenye 192.168.1.1, na ruta ya uani ambayo kwa namba hizo ni 192.168.0.1. Ni sawa na makonda wawili pale Msamvu wanaoita abiria wa Dodoma, basi moja lina dereva na jingine limepaki tu. Aliyevutwa na kifaa cha faiba anasafiri. Aliyevutwa na ruta ya uani amepewa siti nzuri kabisa, amekaa, na gari haliondoki, kwa sababu ruta hiyo yenyewe haina njia ya kutoka nje.

Ndiyo maana hata ukisimama mbele ya kifaa cha sebuleni inagoma. Ule waya umeunganisha sehemu zote mbili zikawa mtandao mmoja, sauti ya simu yako inafika uani kwa haraka ileile. Na ndiyo maana inabadilikabadilika. Simu ambayo haijatoka nyumbani, muda wa anwani yake ukifika nusu, humrudia mgawaji yuleyule aliyempa. Iliyotoka kwenda kazini ikarudi huweza kuanza upya, na hapo ni bahati nasibu. Kuzima na kuwasha ni kuicheza upya bahati nasibu hiyohiyo, siku moja unapata, siku nyingine unakosa. Kampuni nayo haikukudanganya, laini yao kweli ni nzima.

Sasa nenda uani, kwa ruhusa ya mpangaji, utazame nyuma ya ruta yake. Nyingi za majumbani zina tundu moja lenye rangi tofauti na mengine, mara nyingi la bluu, limeandikwa WAN au Internet, yaani upande wa kutoka nje. Mengine, mara nyingi ya manjano, yameandikwa LAN 1 hadi 4, yaani upande wa ndani. Waya unaotoka kwako nina hakika umechomekwa kwenye LAN. Uhamishie WAN, basi. Hapo ruta yake itapokea anwani moja kutoka kwako, halafu itagawa zake kwa watu wa chumbani kwake tu, sauti ya simu zenu haitaifikia tena.

Ukimaliza, zima Wi-Fi kwenye simu zote uiwashe, ili kila mmoja aombe anwani upya.

Sharti moja ni kwamba namba za pande mbili zitofautiane, na za kwenu zinatofautiana, 1 kwako na 0 kwake. Atakayesoma hapa akakuta ruta zake mbili zote ni 192.168.1.1, abadilishe kwanza ya ruta ndogo, la sivyo haitajua ndani ni wapi na nje ni wapi.

kijana_wa_Mabibo

Fundi swali. Sisi hosteli tunataka simu na kompyuta zote zionane, tunatumiana faili. Kwa njia hiyo ya WAN si tutakuwa tumetengana?

Fundi_Ngamiani

Mtatengana upande mmoja, ndiyo. Nyinyi fanyeni hivi. Chomoa waya unaotoka kwenye ruta kubwa. Unganisha laptopu kwenye ruta ndogo peke yake, ingia kwenye ukurasa wake, uibadilishe anwani iwe ya familia ya ile kubwa, mfano 192.168.1.250, baada ya kuhakikisha namba hiyo haimo kwenye zile ambazo kubwa inagawa. Itajiwasha upya. Ingia tena kwa hiyo anwani mpya, nenda kwenye DHCP, uizime. Mwisho rudisha waya, safari hii LAN kwa LAN. Mgawaji atabaki mmoja na nyumba nzima mtaonana. Anza na anwani ndipo uzime DHCP, ukigeuza utajikuta laptopu haina anwani na ukurasa haufunguki.

Dada sikumpa njia hii kwa sababu kwake kuhamisha waya kunatosha.

Mwalimu_Kihonda

Ndugu zangu, imekubali!

Waya ulikuwa kwenye la manjano kama ulivyosema kaka. Nimemuuliza mpangaji, anasema wiki iliyopita alihamisha meza, wakati wa kurudisha lile la bluu lilikuwa limeelekea ukutani, akachomeka lililokuwa karibu. Taa ikawaka, naye akajua mambo yako sawa. Kumbe ndiyo siku yenyewe ilipoanza.

Tumeuhamishia la bluu. Sasa hivi yangu ni 192.168.1.9, laptopu 192.168.1.12, ya mume wangu ileile 7. Mpangaji bado ana 192.168.0 na anapata intaneti. Jioni nimefundisha kipindi chote, watoto wamemaliza milinganyo yao.

Kaka Mungu akubariki. Nina swali moja la mwisho. Printa yangu ya Wi-Fi ipo sebuleni na mpangaji huwa anaitumia. Sasa kompyuta yake inasema haioni printa.

Fundi_Ngamiani

Amina dada, nimefurahi mno kwa ajili ya hao watoto.

Printa yako bado anaifikia. Ila kompyuta yake ikitafuta yenyewe haitaiona, kwa sababu utafutaji ule hauvuki ruta. Chapisha ukurasa wa taarifa za mtandao kwenye printa, utaona anwani yake, itakuwa 192.168.1 na namba fulani. Yeye kwenye kompyuta achague kuongeza printa kwa anwani ya IP, aandike hiyo. Wewe ingia kwenye kifaa cha sebuleni uiwekee printa anwani ya kudumu, isije ikabadilika akaja kukugongea mlango.

Ujue pia kwamba kama anavyoifikia printa, anaweza kuvifikia na vifaa vyenu vingine vya sebuleni, ila ninyi hamuwezi kuvifikia vya kwake. Kwa mtu mnayeaminiana si neno. Akija mpangaji mwingine msiyemjua, usimpe waya. Kama kifaa chako kina mtandao wa wageni, mfungulie huo, anapata intaneti lakini vya ndani havioni.