Nataka kuacha mashine ya nyembe tano, nihamie wembe wa pande mbili. Wenye uzoefu naomba ushauri

Ndevungumu (Dodoma)

Habari za jioni wakuu. Nafanya kazi mapokezi ya hoteli na sharti ni kidevu safi kila siku. Ndevu zangu ni za kipilipili, ngumu. Natumia mashine zile za vichwa vya kubadilisha, zenye nyembe tano kwa mpigo. Nikinyoa, siku hiyo nakuwa laini kabisa. Kesho yake shingo inawasha, na baada ya hapo vipele vinajaa kuanzia chini ya taya mpaka kooni. Vingine vinatunga usaha, vikikauka vinaacha madoa meusi. Mgeni anaangalia shingo yangu kabla hajaniangalia usoni, na hilo linaniumiza kuliko kuwasha kwenyewe.

Tena vichwa vyenyewe bei yake imekuwa mzigo, nalazimika kukitumia kimoja mpaka kinavuta ndevu badala ya kukata.

Marehemu babu alikuwa na mashine ya chuma. Unazungusha mpini, inafunguka, unaweka wembe wa dukani, unafunga, unanyoa. Nataka kurudi huko. Je, ni kweli vipele vitapungua? Mashine ipi inamfaa anayeanza? Na hizi nyembe za dukani kama Nacet na Topaz zinafaa usoni au ni za kukatia kucha na uzi tu?

Kinyozi wa Kona

Nacet ni wembe wa uso mkuu, wala usiwe na wasiwasi. Vinyozi wengi tunauvunja katikati, nusu tunaivalisha kwenye kisu cha kushikilia wembe, tunachonga mstari wa ndevu za mteja. Kama unafaa kwa mteja, unafaa kwako pia.

Fundi Taratibu (Arusha)

Ndugu Ndevungumu, pole sana. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu tatizo hili nalijua na linatibika ukilielewa.

Anza na chanzo. Unywele wa kipilipili hautoki kwenye ngozi ukiwa umenyooka, unatoka umejikunja. Mashine ya nyembe nyingi imetengenezwa hivi: wembe wa kwanza unaukamata unywele na kuuvuta juu kidogo, unaofuata unaukata kabla haujarudi chini. Ukisharudi, ncha yake inazama chini ya ngozi. Ndiyo maana unajisikia laini sana siku ya kwanza. Lakini ncha ile imekatwa mshazari, ni kali kama sindano, na unywele wako hauwezi kukua kwa kunyooka. Unachoma ngozi kutoka ndani, au unatoka kidogo, unajikunja na kuingia tena pembeni. Mwili unaona kitu kigeni, unavimba. Hicho ndicho kipele chako. Mwenye nywele za singa ananyoa kwa mashine hiyo hiyo na hapati kitu.

Wembe mmoja hauna mwenzake wa kuuvuta unywele juu. Unakata pale pale juu ya ngozi. Kwa hiyo ndiyo, vipele vinapungua, na kwa wengi vinapungua sana. Lakini ukichukua mkono wako wa sasa, ule wa kukandamiza na kurudiarudia sehemu moja, ukauhamishia kwenye mashine ya chuma, utajikata na vipele vitabaki pale pale. Chombo ni nusu ya dawa, nusu nyingine ni mkono.

Mashine: tafuta ya vipande vitatu, yaani kofia, bamba la chini na mpini. Chagua ile ambayo bamba lake lina ukingo mnyoofu. Zenye meno kama kitana mara nyingi ni kali zaidi, utazijaribu baadaye ukipenda. Mühle R89 na Merkur 34C, zote za Ujerumani, ni pole na zinadumu, ila hiyo Merkur ni ya vipande viwili. Hata ya bei nafuu inafaa ikiwa wembe unakaa sawa pande zote mbili. Ukiufunga, tazama kwa juu: wembe uchungulie kiasi kile kile kushoto na kulia. Ikiwa upande mmoja umetokeza zaidi, fungua ufunge tena, na isipokubali usiinunue.

Jambo moja kuhusu za bei nafuu: nyingi zimetengenezwa kwa mchanganyiko wa zinki uliopakwa kromu. Ukizikaza kupita kiasi, au zikidondoka kwenye vigae vya bafuni, nyuzi za skrubu hukatika na mashine imekwisha. Ya shaba nyeupe au ya chuma kisichoshika kutu unamwachia mwanao.

Kunyoa kwenyewe: oga kwanza kwa maji ya uvuguvugu au weka taulo lenye maji ya moto usoni dakika chache. Unywele ukilowa unalainika. Tengeneza povu kwa burashi, zungusha usoni mpaka ndevu zisimame. Weka kofia ya mashine shavuni, kisha shusha mpini taratibu mpaka wembe uanze kugusa. Hapo uko kwenye pembe ya nyuzi 30 hivi. Usikandamize hata kidogo, uzito wa chuma unatosha. Vuta hatua fupi, suuza, endelea. Nyoa kuelekea ndevu zinakolalia, raundi moja, basi. Pitisha vidole shingoni leo usiku ujue zinalalia wapi, maana shingoni kwa wengi hazishuki chini moja kwa moja, zinakwenda pembeni, na wengine zinapanda juu. Ukinyoa shingo kwa mazoea ya kupandisha mkono, unakwenda kinyume na ndevu bila kujua.

Utabaki na ukwaruzo mdogo ukipapasa. Uache. Ukwaruzo huo ndio unaokulinda.

Mwana wa Tanga

Naheshimu maelezo ya Fundi, ila mimi naona mnampeleka kijana kwenye wembe wakati shingo yake haitaki wembe wa aina yoyote. Mashine ya umeme ya kinyozi, ile isiyo na kitana, inaacha kama milimita moja. Kwa mbali unaonekana umenyoa. Hakuna unywele unaozama. Mimi nimemaliza ugomvi na vipele kwa njia hiyo na wembe siugusi tena.

Fundi Taratibu (Arusha)

Mwana wa Tanga, uko sahihi, na kwa mtu ambaye kazini hawamsumbui ningemwambia achukue njia yako bila kufikiri mara mbili. Ndevungumu kasema sharti lao ni kidevu safi. Kwenye ngozi ya kwetu milimita moja inafichika, lakini kuna mameneja wanapapasa kwa macho. Amwoneshe meneja kwanza. Wakikubali milimita moja, asinunue kitu.

Muuguzi Zawadi (Mwanza)

Kaka, kabla ya mashine mpya kuna hatua wote wameiruka. Usianze wembe juu ya vipele vilivyo hai. Vina usaha, ukivipitia kwa wembe unasambaza bakteria na unajiongezea makovu. Achia ndevu ziote wiki nne hivi, nyingi zitajichomoa zenyewe zikirefuka. Likizo yako itumie kwa hili. Kama huwezi kupata likizo, nenda kwa daktari wa ngozi akuandikie barua. Hii siyo kuomba upendeleo. Jeshi la Marekani lenyewe, lilivyo kali kwa ndevu, limetoa kwa miaka mingi vibali vya daktari kwa askari wenye tatizo hili, na wengi wao ni weusi.

Unywele ukionekana umezama kama kitanzi, unaweza kuinua ncha yake kwa sindano iliyochemshwa. Inua tu, usiung'oe. Ukiung'oa, mwingine unaota ukiwa ndani kabisa na unarudi kule kule.

Na naomba sana, achana na krimu za kuchanganya zinazouzwa mitaani kwa ajili ya madoa. Nyingi zina steroidi kali. Vipele vinatulia kwa muda, ngozi inakuwa nyembamba, halafu vinarudi kwa hasira. Ukiona uvimbe mgumu unaendelea kukua hata baada ya kipele kupona, hiyo inaweza kuwa kovu la keloidi. Hapo wembe weka chini, nenda hospitali.

Wembe usiazimane na mtu, hata ndugu wa tumbo moja. Virusi vya homa ya ini aina B vinaweza kubaki na uwezo wa kuambukiza nje ya mwili kwa angalau siku 7, hata kwenye damu iliyokauka usiyoiona. Na kwa kinyozi, ufunguliwe wembe mpya mbele ya macho yako.

Ndevungumu (Dodoma)

Asanteni mno. Dada Zawadi, likizo yangu iko karibu, nitafanya hivyo. Fundi, nimepapasa shingo: upande wa kulia zinalalia chini, wa kushoto zinaelekea sikioni! Sikuwahi kujua.

Swali: maji ya huku kwetu yana chumvi, sabuni haitoi povu. Nifanyeje? Na baada ya kunyoa nipake spiriti kama wanavyofanya saluni?

Mpenda Povu (Muscat)

Kaka, maji ya chumvi yanaua povu. Kwa kunyoa unahitaji kikombe kimoja tu, tumia maji ya kunywa ya chupa au ya mvua, yapashe moto. Ya chumvi yabaki ya kusuuzia mashine. Sabuni ya kuogea ya kipande usiitumie, inakauka usoni kabla hujamaliza shavu. Chukua sabuni au krimu ya kunyolea ya kupigwa kwa burashi. Arko ya Kituruki ya kijiti ni ya bei ndogo na povu lake zito, harufu yake ndiyo watu hugombana. Burashi ya nyuzi bandia inatosha, inakauka upesi.

Spiriti inakausha ngozi na kuichoma bure. Nunua shabu, lile jiwe jeupe kama barafu! Nyumbani pwani shabu ipo kwenye maduka ya dawa za asili, akina mama wanaitumia kwapani siku zote. Kipande laini, kilowanishe, pitisha usoni baada ya kusuuza kwa maji ya baridi. Inafunga vijeraha vidogo. Tena ni mwalimu mzuri: inapochoma sana ndipo ulipokandamiza. Isipochoma popote, mkono wako umekaa. Suuza, paka mafuta mepesi yasiyo na manukato.

Kinyozi wa Kona

Naongeza kuhusu wembe. Ushike kwa zile ncha fupi mbili, kamwe usiushike kwenye makali. Usiufute kwa taulo, una utando mwembamba sana kwenye makali, ukiufuta unauharibu na unaweza kujikata. Usuuze, ukung'ute, uuache ukauke. Kwa ndevu ngumu badilisha baada ya kunyoa mara nne au tano. Wembe ukianza kuvuta ndevu mapema zaidi, utupe. Anza na Astra ya kijani au Derby ukizipata, au hiyo Nacet. Feather ya Japani ni kali sana, iache mpaka mkono uzoee.

Karani wa Hesabu (Nairobi)

Kuhusu bei nimekaa nikapiga hesabu. Ukinyoa mara tatu kwa wiki, mwaka mzima ni mara 156. Kwa wembe mmoja kila mara tano, unahitaji nyembe 32, yaani vipakiti vinne vya kumi kumi na zinabaki. Linganisha na bei ya vichwa pale dukani kwenu, utaona mwenyewe.

Biashara ya vichwa haikuanza bure. Nyembe za pande mbili za Gillette zilianza kuuzwa Marekani 1903, hataza, yaani haki ya mvumbuzi kutengeneza peke yake, ikatoka 1904. Hataza ilipokwisha, yeyote aliweza kutengeneza wembe unaoingia kwenye mashine yoyote, na ndiyo maana hadi leo Topaz ya India inaingia kwenye mashine ya Mjerumani. Kichwa cha nyembe mbili kikaja 1971, tatu 1998, tano 2006. Kila kichwa kina kiungio chake, ukishanunua mpini umefungwa kwa mwenye mpini.

Mama Wawili (Mombasa)

Wanaume mmejimilikisha uzi huu wa mjadala, lakini sisi pia tunatumia mashine hizi. Mashine ya mume wangu ilinipa wazo, nikanunua yangu mwenyewe. Kwapa lina shimo, kwa hivyo inua mkono kabisa ngozi ivutike, na nywele zake zinaota pande tofauti, za juu zapanda na za chini zashuka. Hatua fupi mno. Vile viupele vyeusi vya kwapani vimepungua sana.

Ndevungumu (Dodoma)

Nimeongea na meneja leo. Milimita moja amekataa, ila kwa kipindi cha vipele kupona amesema nilete barua ya daktari. Miadi nimeshachukua. Mashine nitaagiza ya vipande vitatu yenye ukingo mnyoofu.

La mwisho wakuu: mara moja moja natumwa Dar kwa ndege. Ninaweza kubeba? Na nyembe zilizokwisha nazitupa wapi? Nyumbani kuna watoto.

Fundi Taratibu (Arusha)

Kwenye begi la mkononi nyembe hizi zinazuiwa. Mashine bila wembe kwa kawaida inapita, nyembe weka kwenye mzigo unaopakiwa, au nunua kipakiti duka lolote ukifika. Hapo ndipo utapenda kuwa wembe wako unauzwa kila kona.

Za kutupa: chukua kopo la bati, la maziwa au la nyanya, lenye kifuniko kilichofungwa kwa gundi au waya. Toboa mwanya mwembamba juu, wembe uingie lakini usitoke. Liweke juu ya kabati. Likijaa, ligonge mwanya ufunge, andika NYEMBE kwa herufi kubwa, kisha umkabidhi mzoa taka mkononi na umwambie kilichomo, maana wale wanachambua mifuko kwa mikono mitupu. Kopo moja litakuchukua miaka.