Tupeane uzoefu: spika ndogo na sabufa kwa chumba kimoja, nini kinafaa na nini kinaunguza

Mzee wa Besi
Wakuu, jana mtu kauliza achukue sabufa gani kwa chumba cha futi 10 kwa 12, akajibiwa "chukua kubwa kuliko zote". Jibu hilo ndilo limenifungulisha uzi huu. Mwenye kujua kitu aweke hapa kwa vipimo, maneno ya "inapiga balaa" hayamsaidii mtu.

Naanza. Futi 10 kwa 12 ni kama mita 3.05 kwa 3.66. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Chukua 343, gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili. Upande mrefu unatoa 47 Hz (mitetemo 47 kwa sekunde), upande mfupi 56 Hz. Hizo ndizo noti ambazo chumba chenyewe kinazivimbisha, sabufa iwe ya bei yoyote. Kuta zetu za tofali za saruji zenye plasta hazinyonyi besi, zinairudisha ndani. Ndiyo maana noti moja ya gitaa la besi inanguruma mpaka dari linalia, halafu inayofuata huisikii. Mtu anaona sabufa mbovu, anaenda kununua kubwa zaidi, mngurumo unaongezeka.

Chumba hicho kinatoshwa na spika mbili zenye wufa (ile koni ya besi) ya inchi 4 au 5 na sabufa moja ya inchi 8. Pesa iliyobaki weka kwenye amplifaya na waya.

Kibanda cha Redio
Naunga mkono. Na msisome boksi. Geuza sabufa nyuma, tafuta kibandiko kinachotaja umeme inaokula. Boksi likisema wati 10,000 PMPO (namba ya matangazo tu) na kibandiko kikasema wati 60, amini kibandiko. Hakuna chombo kinachotoa nguvu kuliko kinavyokula.

Bi Nahawandi
Niongeze la dukani. Wauzaji wanawapigia nyimbo zenye besi ya kompyuta, kila sabufa inaonekana nzuri. Nendeni na vitu viwili kwenye simu. Cha kwanza ni taarabu asilia ya Unguja yenye dabobesi, ile fidla kubwa ya kusimamisha. Waya wake mnene kabisa unalia 41 Hz, na mpigaji akishuka noti kwa noti unatakiwa usikie kila noti kwa uzito ule ule. Noti mbili zikipotea na moja ikalipuka, hiyo sabufa ina noti yake moja tu inayoijua.

Cha pili ni msoma habari mwanamume, bila muziki. Sauti yake itoke kwenye spika. Ikiwa kifua chake kinasikika kutokea sakafuni, basi sabufa imepewa masafa yasiyo yake.

Dada Omu
Hapo kwa msoma habari umepiga penyewe dada. Hiyo ndiyo kazi ya kile kitufe cha krosova nyuma ya sabufa, kinachopanga sabufa ianzie masafa gani kushuka, ambacho wengi wanakifungua mpaka mwisho. Wufa ya inchi 5 kwenye boksi dogo inashuka vizuri hadi 60 Hz hivi, kwa hiyo weka sabufa ishike kuanzia 80 kushuka. Wufa ya inchi 6 na nusu, jaribu 60.

Mpwani
80 ni ndogo. Hizi seti za spika ndogo tulizonazo wengi ukiweka 80 unapata shimo, sauti za wanaume zinakuwa nyembamba. Weka 120 au 150.

Dada Omu
Mpwani, unazungumzia spika za inchi 3 zile za ukubwa wa kopo la maziwa. Kwa hizo uko sahihi, 120 hata 150, kwa sababu chini ya hapo hazina kitu. Lakini ukifika huko sikio linaanza kutambua sabufa iko upande gani, kwa hiyo lazima ikae katikati ya spika mbili, si kona ya nyuma karibu na kabati. Aliyeanzisha uzi kasema inchi 4 au 5. Tusichanganye mambo.

Mpwani
Sawa, lakini wengi wana hizo za inchi 3. Nilikuwa nawasemea wao.

Fundi Transfoma
Samahani nakatiza, lakini hili ni la haraka kuliko krosova. Mnaonunua sabufa na amplifaya za mtumba kutoka Japani, SOMENI VOLTI KABLA YA KUCHOMEKA.

Iko moja mezani sasa hivi. Nyuma imeandikwa wazi AC 100V, 50/60Hz, 45W. Imebadilishwa plagi tu ikawa ya pini tatu, ikachomekwa kwenye 230. Naeleza kilichotokea ndani ili mtu aelewe kwa nini haiponi kwa fyuzi peke yake.

Transfoma inagawanya umeme kwa uwiano usiobadilika. Mle ndani ilikuwa inatoa volti 30 chanya na 30 hasi. Umeingiza mara 2.3, nazo zinapanda kuelekea 69. Kapasita mbili kubwa za 4700 mikrofaradi zimeandikwa 50V. Moja imevimba kichwa kama kifuniko cha soda, ya pili imepasuka zile alama za msalaba, karatasi yake ya ndani imetoka na maji yake yamemwagikia bodi. Wakati huo huo chuma cha transfoma kimeshajaa sumaku, waya wa upande wa ukutani unavuta mkondo mkubwa na kuchemka, na fyuzi ya joto iliyofichwa chini ya utepe wa njano imekatika. Fyuzi ya nje nayo imekatika, lakini imechelewa. IC ya mwisho, ile chipu inayosukuma wufa, ina tundu katikati. Ilipokufa ilipeleka umeme wa DC, kama wa betri, kwenye wufa, koni ikasukumwa nje, koili ikaungua ikiwa pale pale. Ukiibonyeza taratibu kwa vidole vya mikono miwili unasikia inakwaruza kama mchanga.

Orodha ya kubadilisha ni transfoma, kapasita, IC na koili ya wufa. Bei yake inapita bei ya sabufa yenyewe.

Kibanda cha Redio
Duh. Kwa kuchomeka mara moja tu.

Bi Nahawandi
Zile zenye swichi ya 115 na 230 nyuma je? Baadhi ya sabufa za kutoka Marekani zinayo.

Fundi Transfoma
Zenye swichi ni salama ukiigeuza kwa bisibisi KABLA ya kuchomeka. Ila hakikisha imeandikwa volti pande zote mbili. Kuna swichi nyingine zinafanana na hiyo na ni za kuzima na kuwasha tu.

Isiyo na swichi inunulie transfoma ya kushusha. Chombo cha wati 45 kipe ya VA (uwezo wa transfoma) 150 au 200, msinunue ile inayolingana kamili. Na zilizojaa madukani ni za kwenda 110, si 100. Chombo cha Japani kitawaka, lakini umeme wa mtaani ukipanda hadi 245, hiyo 110 inakuwa 117 na transfoma ya ndani inachemka muda wote. Ukipata ya kwenda 100 halisi, chukua hiyo.

Mwana wa Soketi
Fyuzi ikikatika mara kwa mara mafundi wa mtaani wanaweka uzi mmoja wa waya wa shaba na inapiga miaka. Kwa mwenye haraka nayo ni njia.

Fundi Transfoma
Ndugu, hiyo si njia, naomba uifute. Fyuzi inayorudia kukatika inakwambia kuna kitu kimeshaungua mbele yake. Ukiweka uzi wa shaba, fyuzi inayofuata ni nyumba. Soma iliyotoka. Ikiwa T1A 250V, rudisha T1A 250V. Hiyo T maana yake inachelewa kidogo, kwa sababu transfoma huvuta mkondo mkubwa sekunde ya kwanza. Ukiweka F, ile inayokatika papo hapo, itakatika kila ukiwasha, hapo ndipo watu wanapopata hamu ya uzi wa shaba.

Mwana wa Soketi
Nimeelewa mkuu. Kumbe ile T ndiyo sababu.

Mzee wa Besi
Turudi kwenye kuweka. Sabufa usiibandike kona kwa mazoea. Kona inaongeza besi, lakini inaongeza zaidi zile noti za chumba. Fanya hivi: iweke sabufa juu ya kiti unachokalia, piga wimbo wenye besi inayotembea, halafu wewe tambaa pembeni mwa kuta, masikio karibu na sakafu. Pale noti zote zinaposikika sawa, weka sabufa hapo. Inaonekana kazi ya kitoto lakini inashinda kubadilisha sabufa.

Ukimaliza piga mlio wa 80 Hz kutoka kwenye simu, geuza swichi ya fezi 0 na 180, inayobadilisha koni ya sabufa isukume nje au ndani. Upande unaosikika kwa nguvu pale unapokaa ndio wako. Kisha volyumu ya sabufa: ipandishe, sikiliza wimbo mzima, izime ghafla. Chumba kikiwa kitupu, ilikuwa sawa. Kichwa kikipumzika, ilikuwa juu.

Dada Omu
Kabla ya fezi ya sabufa hakikisheni spika zenyewe. Spika moja ikifungwa kinyume, besi inakufa na mwimbaji anakosa kituo, yuko kila mahali. Kama rangi za nyuma zimefutika, chukua betri ya volti 1.5, gusa kidogo. Koni ikisogea nje, chanya ya betri iko kwenye chanya ya spika. Sekunde moja tu inatosha.

Na wenye zile bodi ndogo za amplifaya zenye chipu ya TPA3116: hasi ya spika pale SI ardhi. Pande zote mbili zina umeme wa sauti. Usichukue waya wa spika kuupeleka sabufa yenye hasi ya pamoja, utaua bodi. Tumia waya mwembamba wa sauti unaoingia kwenye bodi, ugawanye kabla haujafika.

Mpwani
La huku kwetu pwani: mtumba wenye ukingo wa sponji kwenye koni, bonyeza kwa ncha ya kidole kabla ya kulipa. Sponji nzima inarudi. Iliyochoka inaacha alama, au inabaki vumbi jeusi linalonata kidoleni. Hewa yetu inaimaliza haraka. Ukingo wa raba unadumu.

Bi Nahawandi
Swali la mwisho kwangu. Sabufa inalia mmm hata muziki ukizimwa, na ilianza siku king'amuzi kilipounganishwa.

Kibanda cha Redio
Chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Mlio ukinyamaza, ardhi inaingia njia mbili. Vyote vichomeke kwenye ekstenshen moja. Ikibaki, weka kitenganishi cha sauti kati ya king'amuzi na amplifaya. Usikate pini ya ardhi ya plagi.

Bi Nahawandi
Nimechomoa dishi. Umenyamaza.