Tupeane uzoefu: Ulipunguzaje gharama za picha za harusi Dodoma bila kuja kujuta?

Katibu wa Kamati, Nkuhungu

Mbukwenyi ndugu zangu. Mdogo wangu wa kike anaolewa Septemba na mimi ndiye katibu wa kamati. Kikao cha juzi tulikwama kwenye kipengele cha picha na video. Kuna wanaosema tukate kabisa, kuna wanaotaka pakeji ya milioni mbili, na bajeti tuliyotenga ni 900,000. Nimeona nije kwenu mliopita njia hii.

Naanza na yangu. Niliolewa 2019. Tulichukua pakeji ya 1,200,000: picha za mnato, video, droni na albamu mbili. Ili bei ishuke tukakubaliana mpiga picha aanzie kanisani saa 7 mchana. Asubuhi ile nilikuwa nyumbani Mvumi, kilomita 40 hivi kutoka mjini. Shangazi na bibi zangu wakanitoa kwa muheme wa Kigogo, ngoma wamezibana mapajani, vumbi limewafika magotini. Bibi mzaa mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, miaka mingi hajashika ngoma. Akanyoosha mikono akaomba moja. Alipiga mpaka kilemba kikamdondoka na hakukiokota.

Hakukuwa na kamera. Ipo klipu ya sekunde 14 aliyoichukua mpishi kwa simu, na nusu yake imezibwa na kidole. Bibi alifariki mwaka uliofuata. Ya droni ninayo, dakika tatu za paa la ukumbi na magari ya wageni. Hela ya kumleta mpiga picha Mvumi asubuhi tulikuwa nayo, ila tulishaiweka kwenye droni na albamu ya pili.

Kwa hiyo naomba kila mtu aseme alichofanya mwenyewe na bei kama anaikumbuka. Mlikata nini, na nini mnashukuru hamkukikata?

Mama Wawili, Ilazo

Pole sana dada kwa hilo la bibi. Limenigusa.

Sisi tulikata vibaya. Mwaka 2021 kamati ilisema kijana wa ukoo ana kamera nzuri, apige bure, sisi tumpe suti na nauli. Kijana ni mzuri na nampenda mpaka leo. Tatizo ni kwamba alikuwa mwanafamilia. Wakati wa kumlisha keki mama mkwe yeye alikuwa meza ya mbele anakula, maana shangazi alimwita akasema mwanangu tangu asubuhi hujala. Kumbe na memori kadi ilishajaa tangu kwenye viapo, akawa anafuta picha za nyuma moja moja ili apate nafasi. Hatukuwa na cha kumlaumu, hatukumlipa hata senti.

Harusi ya mdogo wa mume wangu tulibadilisha. Tulimlipa mpiga picha mmoja 450,000 kwa picha za mnato peke yake, saa nane za kazi. Video tukampa yule yule kijana wa ukoo, lakini kwa utaratibu: simu mbili kwenye stendi, moja imeelekea madhabahuni, nyingine imeelekea meza ya maharusi, pawabenki chini, na hakugusa kitu zaidi ya kuwasha na kuzima. Viapo tunavyo vyote. Sauti ya kanisani imetoka vizuri kuliko nilivyotarajia kwa sababu simu ilikaa karibu na spika.

Mpiga picha, Majengo

Naomba niongee kama mtu ninayekula kwa kazi hii, mwaka wa tisa sasa niko hapa Dodoma.

Kwanza mjue hela yenu inakokwenda. Siku ya harusi mnaniona kwa saa kumi. Baada ya hapo nakaa siku tano kwenye kompyuta nachambua picha 2,000 ili mpate 400 zilizonyooka. Kuna msaidizi namlipa siku hiyo hiyo, kuna betri, taa, mafuta ya gari. Mteja akiniambia "punguza bei" bila kusema nitoe nini, kitakachopungua ni kile asichokiona: nitakuja bila msaidizi, au na betri mbili badala ya sita. Akiniambia "toa albamu" tunaelewana hapo hapo.

Na albamu ndiyo ya kwanza kutolewa. Mimi albamu nzuri inanigharimu 180,000 hadi 250,000 kuitengenezesha, na mnaweza kuiagiza hata mwaka wa pili wa ndoa mkishapumua. Chukueni picha zenu zote, safisheni 20 za kawaida za kuwapa wazazi, moja kubwa wekeni kwenye fremu sebuleni. Imetosha.

Droni nayo itoeni. Kisheria mwenye droni anatakiwa awe ameisajili na ana kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na uwanja wa ndege wa Dodoma uko katikati ya mji. Mtu akikuwekea droni kama zawadi kwenye ofa, muombe akuonyeshe kibali kabla hujafurahi.

Video ndefu ya saa tatu wengi wanaiangalia mara moja. Ombeni ya dakika 30, lakini mwambieni mapema viapo na nasaha za wazazi visikatwe hata neno.

Msaidizi msimtoe kama wageni wanazidi 200. Bibi harusi anapoingia, mtu mmoja hawezi kuwa mbele yake na wakati huo huo kuwa usoni kwa bwana harusi.

Sasa vitu ambavyo havina gharama yoyote, na hivi ndivyo vinanivunja moyo kila wiki. Cha kwanza ni muda. Saa 7 mchana jua la Dodoma liko utosini. Macho yanageuka mashimo meusi, shela inaungua mpaka kitambaa hakionekani. Watu wanatoka kanisani muda huo, wananipeleka Nyerere Square kwa nusu saa, halafu wanashangaa picha. Nipeni dakika 30 kuanzia saa 11 jioni kabla hamjaingia ukumbini. Mwanga umelala, vumbi lenyewe linakuwa la dhahabu.

Cha pili ni taa za ukumbini. Zile za zambarau na bluu zinapendeza kwa macho, kwenye kamera ngozi yetu inageuka rangi ya zabibu, na hakuna programu ya kuirudisha ikawa ngozi ya mtu. Mwezi wa tano nilikuwa kwenye harusi moja, mama wa bwana harusi akamkumbatia mkwewe na kuanza kulia, machozi yanashuka mpaka kwenye hereni. Pale pale taa ikageuka zambarau. Nilipiga picha 11. Zote nililazimika kuzifanya nyeusi na nyeupe, na mama alikuwa amevaa kitenge kizuri cha njano. Mwambieni mtu wa mapambo awashe taa nyeupe kwenye mambo manne: kuingia, keki, nasaha na kukumbatiana kwa wazazi. Mkimaliza awashe rangi anazotaka. MC apewe hiyo ratiba mkononi.

Binti wa Kondoa

Assalam alaykum. Kwetu hali ilikuwa tofauti kidogo. Akdi ilifungwa msikitini, upande wa wanawake ukafanyika nyumbani kwa siku yake. Mpiga picha mwanamume asingeingia, na wanawake wengi hawapendi picha zao zizagae.

Nilimpata dada anayesoma UDOM anayepiga picha wikiendi. Bei yake ilikuwa 250,000 kwa siku moja, lakini kumtoa Dodoma hadi Kondoa, kumlaza na kumlisha kulifanya ifike karibu 400,000. Mama yangu mdogo akakumbuka kwamba wiki hiyo hiyo jirani zetu nao wana shughuli. Tukaenda kuongea nao. Dada akaja Alhamisi akarudi Jumapili, akapiga kwao Ijumaa na kwetu Jumamosi, nauli na chakula tukagawana, na yeye mwenyewe akatupunguzia 50,000 kila familia kwa kuwa alipata kazi mbili kwa safari moja.

Jambo la pili, tulikubaliana naye kwa maandishi kwamba hataweka picha hata moja mtandaoni kama tangazo lake. Aliomba tumuongezee 30,000 kwa sababu hiyo na niliona ni haki yake, maana picha ndizo zinamletea wateja. Wageni mlangoni waliombwa waweke simu kwenye vikapu. Kila mtu alikaa kwa raha, akavua ushungi, akacheza. Bi harusi ana picha ambazo mama zetu hawakuwahi kuwa nazo.

Mdau wa Manyoni

Wengi hapa mnazungumzia harusi na mnaisahau send-off. Upande wa mwanamke unakodi mpiga picha wake, upande wa mwanamume unakodi wa kwake, na wiki inayofuata ni watu wale wale, nguo tofauti. Kwetu send-off iliandikwa 600,000 na harusi 800,000. Mimi na mwenzangu tulikaa tukawaomba wenyeviti wa kamati zote mbili wakutane. Mpiga picha mmoja akachukua shughuli zote kwa 1,000,000.

Ugumu haukuwa kwenye hela. Ulikuwa ni nani anamlipa na picha zinakaa kwa nani. Baba mkwe hakupenda kusikia kwamba send-off ya binti yake inapigwa na mtu wa upande wa pili. Ilibidi mshenga aende tena, kwa heshima, na shuka la mzee. Tukakubaliana kila kamati ilipe nusu yake moja kwa moja kwa mpiga picha na kila upande upewe nakala yake kamili. Mzee akaridhika.

Mkazi wa Chang'ombe

Fupi tu. Angalieni tarehe. Baada ya Pasaka na baada ya Idi kila mtu anafunga ndoa, Desemba ndiyo usiseme. Sisi tulifunga Alhamisi na mpiga picha aliyetuambia 900,000 ya Jumamosi alikubali 600,000.

Kama mnamleta mtu kutoka Dar, epukeni Aprili mpaka Juni. Bunge la bajeti linakuwa limejaa mjini na chumba cha kumlaza kinaweza kula punguzo lote. Mdogo wangu alioa Oktoba 2024, wapiga picha wawili wakaja na treni ya SGR, 31,000 kwa mtu kwenda, badala ya gari la kukodi tulilokuwa tumepigiwa hesabu ya laki nne. Vifaa walivibeba kwenye mabegi ya mgongoni.

Dada wa Kisasa

Naongeza kuhusu kupata picha zenyewe, maana kuna kuokoa hela halafu kuna kukosa kila kitu. Tulilipa yote kabla ya harusi kwa sababu tulipewa punguzo la 100,000. Picha tulizipata baada ya miezi minane, na walizotupa zimetumwa kwa WhatsApp, zimebanwa, ukizikuza sura inakuwa vipande vipande. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa kabla sijaona picha ya ndoa yangu.

Mume wangu ni mwalimu, akaandika karatasi ya ukurasa mmoja ambayo tangu hapo tunampa kila anayeoa kwenye ukoo. Inasema nusu italipwa kabla, robo siku ya shughuli, robo ya mwisho tukishika flashi mkononi. Inataja saa ya kuanza na mahali, saa ya kumaliza, idadi ya picha, majina ya wazee kumi ambao lazima wapigwe, na kwamba picha zitakabidhiwa ndani ya siku 45 zikiwa na ukubwa wake halisi. Tena inasema picha zinakiliwe kutoka kwenye kadi na kuwekwa sehemu mbili usiku ule ule. Wapiga picha wa kweli hawaikatai. Mmoja tu aliikataa, tukamshukuru tukaenda kwa mwingine.

Mpiga picha, Majengo

Dada wa Kisasa, orodha ya wazee kumi ni jambo kubwa sana. Mimi sijui yupi ni bibi mzaa mama na yupi ni jirani. Ongeza hapo mtu mmoja wa familia wa kusimama nami saa nzima ya kwanza, ananionyesha kwa kidole. Huyo anawaokolea hela kuliko punguzo lolote, kwa sababu hakuna harusi ya pili ya kurudia.

Katibu wa Kamati, Nkuhungu

Nimewasoma wote, wengine mara mbili. Asanteni sana. Jana jioni tulikaa kikao na nilienda na simu mkononi nikawasomea.

Tumetoa droni, tumetoa albamu zote mbili, video tumebakiza ya dakika 30. Mpiga picha alitaka 1,100,000, baada ya kutoa hivyo imeshuka hadi 820,000 pamoja na msaidizi na mafuta ya Mvumi. Ameisaini karatasi ya Dada wa Kisasa palepale mezani, na mtu wa mapambo amekubali taa nyeupe. Binamu yangu ndiye atakayesimama naye kumwonyesha wazee.

Nimempigia mama simu leo asubuhi kumwambia kamera itafika nyumbani saa 1 asubuhi. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama ngoma ya bibi bado iko juu ya dari, aiteremshe aikaushe ngozi mapema.