Barua ya Phi Theta Kappa: ni kweli au natapeliwa?

MgeniWaTheluji
Wakuu, habari. Niko chuo cha jamii hapa Minnesota, naelekea uuguzi, na usiku nalinda wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia. Nimepata barua pepe ya "hongera" ikitaka nilipe ada ya uanachama. Kwetu Tanga hongera haidai hela! Halafu klabu zote hukutana saa sita mchana, saa yangu ya kulala.

Babu_Kredit
Hao ni wa kweli. Ni jumuiya ya heshima, yaani ya wanafunzi wenye alama za juu, ya vyuo vya miaka miwili kama chako, ilianzia Missouri mwaka 1918. Wanakualika kwa alama, kwa kawaida wastani wa 3.5 kati ya 4, na ada ya kujiunga ni ya mara moja. Faida yake ni ukihamia chuo kikuu: vingi vina ufadhili wa wanachama. Ila muulize kwanza mlezi wa tawi chuoni kwako kama barua ni yao.

DadaMandazi
Mdogo wangu, sisi tulianzisha klabu yetu ya Kiswahili. Tulidaiwa katiba, majina ya wanafunzi na mwalimu mlezi. Tukampata wa baiolojia, Mmarekani asiyejua hata "jambo". Tunakutana jioni. Unga na mafuta vinatoka kwenye ada ya shughuli za wanafunzi, ambayo hata wewe unayelala unailipa kila muhula.

MgeniWaTheluji
Kumbe nalipia mandazi ya watu! Jumatatu naenda kumtafuta huyo mlezi wa tawi.